Insha ya Condorcet juu ya uraia wa wanawake: fupi, imara, na yenye ufa mmoja

Miongoni mwa maandishi ya Zama za Mwangaza, yaani karne ya 18 ya Ulaya iliyotukuza akili, yanayotetea usawa wa wanawake mbele ya sheria, ningependekeza msomaji aanze na insha fupi ya Condorcet iliyochapishwa Paris mwezi Julai 1790, wakati ambapo Azimio la Haki za Binadamu na Raia, tamko la Mapinduzi ya Ufaransa, lilikuwa halijatimiza mwaka na wanawake wa Ufaransa walikuwa wameachwa nje ya kura.

Condorcet alikuwa mwanahisabati, na insha yenyewe inasomeka hivyo. Haombi huruma. Anaanzia kwenye chimbuko la haki, yaani uwezo wa kiumbe kuhisi, kufikiri na kupambanua mema na mabaya. Kwa kuwa wanawake wanao uwezo huo, basi ama hakuna binadamu mwenye haki za kweli, ama wote wana haki zilezile. Kwa njia hiyo jukumu la kuthibitisha linamwangukia anayetaka kuwanyima, na hapa ndipo insha ilipo na nguvu zake zote. Kwa wanaodai kwamba ujauzito unamwondolea mtu sifa ya uraia, anauliza ni nani aliyewahi kufikiria kuwanyima haki watu wanaougua jongo, maumivu makali ya viungo, kila majira ya baridi. Kwa wanaotaja utegemezi wa mke kwa mumewe, anajibu kwamba dhuluma moja haiwezi kamwe kuwa sababu ya kutenda nyingine, na kwamba sheria inayoleta utegemezi huo inaweza kufutwa papo hapo. Sijaona jibu bora zaidi katika karne ile.

Ufa wake upo mwishoni, pale anapokubali sharti la kwamba mpiga kura awe na mali na kuwatakia kura wanawake wenye milki, ingawa hoja aliyoijenga inawahusu wote bila kubagua. Aidha, sheria ya ndoa, ambayo ndiyo iliyomfunga mwanamke kila siku, anaigusa kwa kupita tu. Kwa sababu hiyo insha hii inafaa isomwe pamoja na tamko la haki za mwanamke la mwandishi Mfaransa Olympe de Gouges la mwaka 1791, ambalo si nadhifu kwa mantiki lakini limeambatanishwa na kielelezo cha mkataba wa mume na mke kuhusu mali na watoto, pamoja na kitabu cha mwandishi Mwingereza Mary Wollstonecraft cha mwaka 1792 kuhusu haki za mwanamke, ambacho hoja yake kuu ni elimu.

Atakayeweza kusoma andiko moja tu, asome la Condorcet, na alisome kwa utulivu, kwa maana pingamizi anazozijibu ndizo zilizoendelea kutumiwa baada yake: mwaka 1804 Sheria ya Kiraia ya Ufaransa iliandika katika kifungu cha 213 kwamba mke anapaswa kumtii mumewe, na haki ya kura haikuwafikia wanawake wa nchi hiyo hadi mwaka 1944.