Kukata ukoka nyumbani: mashine ya waya wa umeme au ya petroli?

Kwa uwanja mdogo ulio karibu na soketi, chukua ya umeme. Haina oili, plagi ya kuwashia injini wala kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Tabu yake ni waya. Ekstensheni ya mita 25 iwe na nyaya za milimita mraba 1.5 angalau, na ikunjuliwe yote, kwani ikibaki imeviringwa hupata joto hadi kuyeyuka. Anza kukata karibu na soketi ukielekea mbali. Nyasi zikiwa na umande, subiri.

Ya petroli hufika popote na humudu ukoka mrefu, ila inadai matunzo. Injini ya mipigo minne, yaani yenye mahali pake pa kuwekea oili, haichanganyiwi oili kwenye petroli (wengi hukosea hapa, plagi ikajaa masizi). Badilisha oili baada ya saa 5 za kwanza, kisha kila saa 50. Ukiilaza mashine ubavu, chujio la hewa liwe juu, la sivyo oili italilowesha na injini itagoma. Petroli iliyolala zaidi ya mwezi huacha utando unaoziba kabureta.

Kisu butu, kwa zote mbili, huchana majani na ncha huwa kahawia. Kabla ya kukigusa, chomoa waya au kofia ya plagi. Kinoe kwa tupa, kisha kitundike kwenye msumari kwa tundu la katikati: upande unaoshuka bado ni mzito, uunoe tena kidogo.