Chai ya kijani na tezi dume: nunua ipi, acha ipi

Mzee akishaambiwa PSA yake (kipimo cha damu cha tezi dume) imepanda, nyumba nzima hugeuka duka la dawa. Kijana aliyeko Doha anatuma kapsuli, shemeji anakuja na pakiti ya "chai ya tezi dume", jirani naye anasifia unga wa Kijapani aliouona kwenye simu. Mwongozo huu ni wa yule anayetoa pesa. Nimezipanga bidhaa kwa kuangalia mambo matatu: kama kilichomo kinajulikana, kama kuna hatari, na kama bei ina maana. Nafasi ya mwisho imeenda kwa ile inayotangazwa kuliko zote.

Kwanza tuweke sawa kinachotafutwa. Majani ya chai ya kijani yana kemikali za asili ziitwazo katechini, na iliyo nyingi zaidi huitwa EGCG. Maabara imeonyesha kwamba EGCG inaweza kupunguza kasi ya chembe za saratani ya tezi dume, lakini chembe zilizo kwenye kisahani si mwanamume mzima mwenye ini, tumbo na dawa za presha.

Kwa wanaume wenyewe, habari iliyosambaa ilitoka Italia mwaka 2006. Wanaume 60 waliokuwa na mabadiliko yanayoweza kutangulia saratani waligawanywa sawasawa. Nusu walipewa miligramu 600 za katechini kila siku kwa mwaka mmoja. Saratani ilionekana kwa mmoja kati ya 30 waliopewa, na kwa 9 kati ya 30 waliopewa vidonge vya kulinganishia, visivyo na dawa ndani. Wauza kapsuli wanakula kwa habari hiyo mpaka leo. Wasichokisimulia ni jaribio la Florida lililotangazwa mwaka 2015, lenye wanaume 97, miligramu 400 za EGCG kwa siku, mwaka mzima: saratani ilionekana kwa 5 kati ya 49 waliopewa, dhidi ya 9 kati ya 48 ambao hawakupewa. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Na kwa waliokwisha kuugua, Marekani mwaka 2003 wagonjwa 42 ambao saratani yao haikusikia tena dawa za homoni walikunywa gramu 6 za unga wa chai kwa siku. PSA ilishuka kwa nusu kwa mtu mmoja tu, tena kwa muda mfupi, huku wengi wakisumbuliwa na kichefuchefu na kuharisha.

Wajapani, waliofuatilia wanaume karibu 50,000, walitoa matokeo yao mwaka 2008. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikuwa na takribani nusu ya hatari ya saratani iliyosambaa, wakilinganishwa na waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Kwa saratani iliyobaki ndani ya tezi, hakukuwa na tofauti. Wanywaji hao huenda pia walikula na kuishi tofauti na wenzao, kwa hiyo sifa zote haziwezi kupewa chai. Lakini angalau tunajua walichokuwa wakinywa: chai ya kawaida, kikombeni.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa majani makavu ya kijani yasiyochanganywa na kitu. Huna haja ya kuagiza mbali. Kenya inatengeneza chai ya kijani, ingawa sehemu kubwa ya mavuno yake bado ni chai nyeusi. Mmea ni uleule. Chai nyeusi majani husagwa na kuachwa yachachuke, na hapo katechini nyingi hugeuka kuwa kitu kingine. Ya kijani hupigwa mvuke au joto mapema ili kuzuia hilo. Tafuta pakiti isiyopitisha mwanga, yenye tarehe ya kufungwa na alama ya ubora ya TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya). Kwenye orodha ya vilivyomo kuwe na neno moja tu: chai.

Ukishafika nyumbani, ipime mwenyewe. Majani yawe na harufu mbichi, kama nyasi zilizokatwa. Yakinuka vumbi au boksi, yamekaa sana dukani. Pika kikombe kimoja, kisha mwaga makapi kwenye sosa na uyatandaze kwa kidole. Yakifunguka yakawa vipande vya jani vyenye ukijani, umepata mali. Yakiwa ya kahawia na vijiti vitupu, usirudi kwa muuzaji huyo. Maji ya chai yenyewe yawe ya manjano yanayoelekea kijani.

Upishi nao una hesabu yake, maana wengi wetu tunaipika kama chai ya maziwa: sufuria, moto, itokote. Ukifanya hivyo itakuwa chungu na mzee ataikataa. Chemsha maji, yaache wazi dakika nne au tano, mimina juu ya kijiko cha chai kilichojaa majani, subiri dakika tatu, chuja. Kikombe cha namna hiyo kwa kawaida hutoa EGCG ya miligramu 50 hadi 100. Limau linafaa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha mwaka 2007, kwa mfano wa tumbo wa maabara, kwamba husaidia katechini zisiharibike. Isinywewe ikiunguza. Tangu 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeviweka vinywaji vya joto linalozidi nyuzi 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, na ugonjwa huo tunaujua vizuri huku Bomet na Kilimanjaro.

Halafu kuna kafeini. Mzee ambaye tezi imevimba na anaamka kila saa kukojoa, kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa kumi jioni. Mwenye upungufu wa damu anywe katikati ya milo, si pamoja na chakula, kwa sababu chai hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Nafasi ya pili: vifuko. Ndani mara nyingi ni unga na vipande vidogo, hivyo hupoteza ubora haraka, lakini kwa mtu wa ofisini vinatosha. Epuka vyenye "ladha ya" hiki na kile.

Ya tatu ni matcha, ule unga wa Kijapani. Unakunywa jani zima lililosagwa, kwa hiyo EGCG ni nyingi kwa kila gramu. Tatizo ni bei, na unga wa rangi ya kaki unaouzwa kwa jina hilo. Mwingine umeshachanganywa sukari na maziwa ya unga tayari.

Ya nne, chai ya zambarau ya Kenya. Ni chai nzuri na mimi naipenda, lakini majaribio niliyoyataja yalifanywa kwa chai ya kijani. Inunue kwa ladha.

Ya tano, za chupa. Sukari.

Ya mwisho ni kapsuli. Majaribio yalizitumia, ni kweli, ila zilikuwa zimepimwa dozi na wanaume wale walifuatiliwa na madaktari. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba EGCG ya miligramu 800 au zaidi kwa siku kutoka kwenye virutubisho huhusishwa na dalili za kuumia kwa ini. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaweka sheria: dozi ya siku iwe chini ya hapo, na lebo ionye zisimezwe tumbo likiwa tupu. Kopo lisiloandika miligramu za EGCG liache rafuni. Anayetumia abiraterone, dawa ya saratani hii ambayo yenyewe hulazimu ini lipimwe, asiguse kabisa bila daktari. Wa warfarin (ya kuzuia damu kuganda) au nadolol (ya presha) naye aulize kwanza, hata kwa chai ya kikombe ikiwa nyingi.

Zile pakiti za "chai ya tezi dume" zenye mitishamba isiyotajwa sikuzipanga popote. Kama imeshanunuliwa na mzee anaitumia, usigombane naye. Beba pakiti yenyewe siku ya kliniki, daktari aisome kabla hajaandika vipimo vya PSA na ini.