Duka la asali Tabora mjini: kaunta safi, uani bado

Ukutani nyuma ya kaunta kumebandikwa Mithali 16:24: "Maneno yapendezayo ni kama sega la asali." Wenye duka ni Wakristo, na Tabora maduka ya asali ya miombo si haba, kwa hiyo cha kupima hapa ni kama andiko hilo linafanya kazi au ni pambo.

Kwa mnunuzi linafanya kazi. Asubuhi utapokewa kwa "Mwangaluka, mama" kabla hujaulizwa shida yako. Bei imeandikwa kwenye kila chupa, na anayeshuka kwenye treni hapandishiwi. Ila upole wenyewe uko kwenye yale ambayo muuzaji angeweza kuyanyamazia. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, na wengi huchukua chupa ya kilo wakidhani ni lita. Hapa wanakwambia kabla hujatoa hela: hii ni kilo, kama mililita 700. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, unaonjeshwa kwanza, maana ni nyepesi na ina uchachu, asiyeijua hudhani imeharibika. Mama mwenye kichanga huulizwa umri wa mtoto, kisha huelezwa taratibu kwamba aliye chini ya mwaka 1 halambishwi hata tone, kwani asali huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi.

Anayerudisha chupa iliyoganda akidai imetiwa sukari hakejeliwi. Anaambiwa asali halisi nayo huganda: aiweke chupa kwenye maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, aigeuzegeuze mpaka ilainike, asiichemshe. Jaribio la kuchovya njiti ya kiberiti kwenye asali kisha kuiwasha, wanasema bila kuficha, halithibitishi kitu.

Uani ni habari nyingine. Warina asali huja na ndoo za lita 20, kilo 28 hivi zikijaa, wengine kwa baiskeli. Mpokeaji hutia tone kwenye kipima unyevu. Maji yakizidi asilimia 20 anaikataa, na ana haki, maana asali hiyo itachacha, itoe povu na kuvimbisha chupa. Kinachoudhi ni kauli. "Mzee, umetuletea maji," kwa sauti, mbele ya foleni nzima. Shikamoo hakuna.

Kukataa kwa upendo kungechukua dakika tano: amwite pembeni, amwamkie, ampe kile kifaa asome mwenyewe, amwonyeshe kosa lilipo. Mara nyingi masega yamerinwa kabla nyuki hawajayaziba kwa nta. Angalau robo tatu ya sega iwe imezibwa. Au ndoo haikufunikwa vizuri, na asali hunyonya unyevu wa hewani. Mzee huyo angerudi msimu ujao na asali nzuri. Akitukanwa, atampelekea mchuuzi asiyepima chochote. Barua ya Yakobo, sura ya 2, inakemea kumkalisha mwenye nguo nzuri na kumsimamisha maskini. Mbele kuna viti, uani hakuna hata benchi.

Mnunuzi anaweza kutoa nyota tano, mrina mbili. Ukienda na chombo chako kiwe kikavu kabisa. Chupa iliyosuuzwa muda huohuo hawaijazi, na sababu watakueleza. Jumapili wamefunga.