Uzoefu wangu: bastola ya kaliba kubwa isiyoumiza mkono

Nianze na jibu, maana anayetafuta ushauri wa bastola huwa hana subira. Kama unataka kaliba (upana wa risasi kwa inchi) ya .44 kwenda juu na hutaki mkono ufe ganzi baada ya boksi moja la risasi, ninaziamini mbili: 1911 (bastola ya magazini ya muundo wa zamani wa jeshi la Marekani) ya chuma kitupu yenye mtutu wa inchi 5, inayopiga risasi ya .45 ACP, na rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) nzito ya .44 Magnum unayoilisha .44 Special, risasi fupi na laini ya upana uleule, badala ya Magnum. Nimezitumia zote kwenye viwanja vya shabaha vya hapa Marekani, pamoja na nyingine za kukodi kwa saa. Ninayoyasema ni ya kulengea shabaha tu. Anayetaka ya kubeba kiunoni kutwa nzima atapima kwa mizani nyingine, kwa sababu uzito ninaousifia hapa yeye utamkera.

Kosa la kwanza madukani ni kukisia kipigo, yaani jinsi bastola inavyorudi nyuma ikifyatua, kwa kutazama tundu la mtutu. Kinachopiga mkono ni uzito wa kichwa cha risasi mara kasi yake, ukijumlisha na baruti inayotoka nyuma yake ikiwa gesi. Mzigo huo wote huipa bastola kasi ya kurudi nyuma, na bastola ikiwa nzito hurudi polepole. .45 ACP ya kawaida hurusha kichwa cha greni 230, kama gramu 15, kwa kasi ya mita 255 hivi kwa sekunde. Ni kichwa kizito chenye mwendo wa taratibu, chini ya kasi ya sauti, na kikomo cha shinikizo ndani ya chemba (tundu inamokaa risasi) ni psi 21,000, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Kikomo cha risasi nyembamba za 9 mm na cha .40 S&W ni psi 35,000. Ndiyo maana .45 ndani ya bastola nzito husukuma kiganja, na .40 ndani ya bastola nyepesi hukichapa.

Kwenye boksi utaona herufi "gr". Si gramu, ni greni, na gramu moja ni greni 15.4. Nimeona watu wakibishana dukani kwa sababu ya herufi hizo mbili.

Ukipiga hesabu, 1911 ya chuma yenye uzito wa kilo 1.1 ikiwa tupu hurudi na nishati ya jouli 8 hivi kwa risasi ya greni 230. Risasi ileile ndani ya Glock 21, bastola ya plastiki ambayo ina gramu 830 hivi pamoja na magazini tupu, hufika karibu jouli 11. Sasa chukua rivolva ya kilo 1.3 yenye .44 Special ya kiwandani, greni 246 kwa mita 230 kwa sekunde: jouli 6 na ushei. Hiyo ni chini kidogo ya 9 mm ndani ya bastola ya plastiki ya gramu 700, inayofika 7. Weka .44 Magnum kamili ndani ya rivolva ileile, greni 240 kwa mita 410 kwa sekunde, na unaruka hadi 25. Na ukiichukua Magnum hiyo ukaitia kwenye rivolva ya aloi nyepesi kama Smith & Wesson 329PD, ambayo haifiki gramu 750, unazungumzia jouli 40 na zaidi. Kaliba haijabadilika, ila mkono utakuambia tofauti.

Jouli hazisemi yote. Kuna umbo la mpini, kimo cha mtutu juu ya kiganja, na muda ambao kipigo kinachukua kufika. Hapo ndipo 1911 inanipendeza. Magazini yake ina safu moja ya risasi, kwa hiyo mpini ni mwembamba na hata kiganja kidogo kinauzunguka vizuri. Slaidi ya chuma (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi) na springi yake hutawanya kipigo, kikafika kama msukumo wa bega mlangoni. Triga inakwenda moja kwa moja nyuma, haizunguki kwenye bawaba, kwa hiyo kulenga upya ni rahisi.

Ukichagua 1911, angalia vitu hivi kabla ya kutazama jina lililochongwa ubavuni. Fremu, yaani kiunzi cha bastola, iwe ya chuma. Zipo za aloi ya alumini zinazofanana kabisa kwa macho, na gramu 200 au zaidi zinapungua. Mtutu uwe wa inchi 5. Ule wa inchi 4.25 unavumilika. Wa 3 hadi 3.5 uuache: slaidi fupi ina safari fupi, springi inabidi iwe ngumu zaidi na huchoka mapema, na mtutu unapaa juu kwa hasira. Mkia wa sefti ya mpini (kizuizi cha usalama nyuma ya mpini, kinachoachia ukikibana kwa kiganja) uwe mrefu na mpana, kwa kazi mbili: kutandaza kipigo kwenye ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, na kuzuia nyundo ya bastola isiminye ngozi. Jeshi la Marekani lenyewe liliurefusha mkia huo katikati ya miaka ya 1920 lilipotengeneza M1911A1, likafupisha na triga. Kwa hiyo ukiwa na vidole vifupi, tafuta triga fupi na vibao vyembamba vya mpini. Vyote viwili hubadilishwa kwa urahisi.

Jambo moja linalowachanganya wengi: wanaoshika kwa kuinua gumba juu ya sefti ya pembeni mara nyingine huacha uwazi kati ya kiganja na sefti ya mpini, na bastola inakataa kufyatua. Si ubovu. Tafuta sefti yenye nundu upande wa chini, tatizo litaisha.

Springi ndiyo moyo wa bastola hii. Ya kawaida kwa inchi 5 ni ya pauni 16. Watu husikia kwamba springi ngumu hupunguza kipigo, wakaweka ya 20, kisha wakashangaa. Springi ngumu inapunguza kweli mgongano wa slaidi ikirudi nyuma, lakini nguvu ile huirudishia slaidi ikienda mbele, na mtutu unazama chini kila risasi. Unalenga mara mbili badala ya mara moja. Pamoja na hayo, risasi laini za mashindano hazitaisukuma slaidi hadi mwisho, na ganda litasimama wima kwenye dirisha la kutolea. Kwa greni 230 ya kawaida, baki na 16. Kwa greni 185 za shabaha zinazotoka kwa mita 235 hivi kwa sekunde, shuka hadi 14, hata 12. Ukirudi kwenye risasi kamili, rudisha springi ya 16, maana ukiisahau ile laini utaigonga fremu bure. Mimi huibadilisha kila baada ya risasi 2,000 hadi 3,000, na dalili ya kuibadilisha mapema ni maganda kuanza kurukia mbali kuliko yalivyozoea.

Hizo greni 185 ndizo zinazonifanya niipende .45 kuliko kaliba nyingine yoyote ya nusu otomatiki. Kipigo kinashuka hadi jouli 4 na kidogo. Shida yake ni umbo: kichwa kina bega kali na ncha bapa, na mtutu wa zamani ambao mdomo wa chemba haukulainishwa na fundi utakikwamisha nusu ya safari. Kabla ya kununua boksi 10, nunua moja. Epuka zilizoandikwa +P, yaani za shinikizo la juu, ambazo kikomo chake ni psi 23,000. Kwa shabaha ya karatasi hazikuongezei chochote ila uchovu. Na usitoe fedha kununua kompensata (kifaa cha mdomo wa mtutu kinachoelekeza gesi juu) kwa ajili ya .45 laini. Kifaa kile hufanya kazi kwa gesi, na hapa gesi ni kidogo. Kinachobaki kukusaidia ni uzito wake tu mbele ya mtutu.

Za plastiki nizipitie haraka. Glock 21 ina risasi 13 na mtutu ulioketi chini karibu na mkono, jambo linalosaidia usipae. Lakini mpini ni mnene, na kama ncha ya kidole haifiki kwenye triga bila kuzungusha kiganja, kipigo chote kitaishia kwenye kifundo cha gumba. HK USP ya .45 ina springi ya pili, ngumu, kwenye fimbo ya slaidi inayopokea sehemu ya mwisho ya mgongano, na ukiipiga baada ya nyingine utaihisi. FN FNX-45 hubeba 15, na zikijaa zote uzito wenyewe unakuwa msaada, msaada unaopungua kila unavyofyatua. Ningechagua USP kati ya hizo, ila mkono wangu ni mkubwa.

Rivolva sasa. Smith & Wesson 629 ya mtutu wa inchi 6 ina uzito wa karibu kilo 1.3, na .44 Special ndani yake ni raha ambayo anayeijua .44 kwa sifa za Magnum hataiamini mpaka ashike mwenyewe. Vaa mpini wa mpira unaofunika mgongo wa fremu. Ule uliotengenezwa kwa ajili ya rivolva kubwa ya .500 hukaa kwenye fremu ya N (fremu kubwa kama ya 629 hii) yenye kitako cha mviringo, na huweka mpira kati ya chuma na kiganja mahali ambapo mipini ya kawaida huacha chuma wazi.

Gharama yake ni mbili. .44 Special hupatikana kwa shida kuliko .45 na bei yake ni ya juu, ndiyo sababu wengi wanaoipenda hujaza maganda wenyewe. La pili ni kaboni. Ganda la Special ni fupi kuliko la Magnum, kwa hiyo kila risasi huacha pete ya masizi ndani ya chemba, mbele kidogo ya mdomo wa ganda. Boksi mbili tatu bila kusafisha, kisha ukitia Magnum, ganda refu linafika kwenye pete na kugoma kuingia, au linaingia kwa nguvu na kugoma kutoka. Usiligonge na nyundo. Loweka chemba kwa dawa ya kuondoa kaboni dakika 15, kisha brashi ya shaba ya .45 (namba moja juu, ili ibane) mizunguko 10 kila chemba. Ifanye siku ileile uliyopiga, masizi yangali laini.

Kuna njia ya kati: rivolva ya .45 ACP kama Model 625. Ganda la .45 halina ukingo, hivyo linashikwa na klipu bapa ya chuma yenye umbo la mwezi mzima, risasi sita kwa pamoja. Klipu ikipinda hata kidogo, silinda inazunguka kwa kukwaruza na triga inakuwa nzito katikati ya safari. Ijaribu kwa klipu yenye maganda matupu: ingiza, funga, zungusha kwa kidole. Ikikwama, itupe, haifai kunyooshwa.

Kabla ya kulipa, kodi. Viwanja vingi hukodisha, na risasi tano hazitoshi kwa sababu tano za kwanza ni msisimko tu. Piga 50. Weka karatasi mita 7, fyatua tano tano, na tazama kilengeo cha mbele kinarudi wapi bila wewe kukilazimisha. Kikirudi palepale, mpini unakufaa. Mwombe mwenzako akupakie magazini akichanganya risasi mbili za bandia bila wewe kujua zipo wapi. Zikifika na mtutu ukazama chini, tatizo si kipigo tena, ni hofu yako, na bastola ghali zaidi haitaiondoa. Kwenye uwanja wa ndani vaa plagi za masikioni kisha vifuniko juu yake. Mara nyingi kinachoitwa kipigo kikali ni mshindo.

Upande wa sheria: muuzaji mwenye leseni nchini Marekani hakuuzii bastola kabla hujatimiza miaka 21. Mwenye grini kadi anaweza kununua. Aliye hapa kwa viza ya muda kwa kawaida hawezi, ila kwa vighairi vichache. California na Massachusetts zina orodha zao za bastola zinazoruhusiwa kuuzwa, kwa hiyo itazame kabla ya kuipenda moja. Walioko Kanada, uuzaji wa bastola kwa raia umesimamishwa tangu Oktoba 2022.

Ukinunua 1911 iliyotumika, hakikisha ni tupu, ondoa slaidi na utazame fremu chini ya mahali springi inapokaa, utafute ufa mwembamba. Kisha chukua risasi ya bandia, ipenyeze chini ya ukucha wa kuvutia ganda, na utikise slaidi polepole. Ikianguka, ukucha umelegea na maganda yatakwama. Fundi huukunja upya kwa dakika chache. Springi ibadilishe bila kuuliza ina umri gani, kwani mpya haifiki dola 15.