Pinnawala au Udawalawe: Wapi pa Kuwaona Tembo wa Sri Lanka?

Kati ya vituo hivi viwili vya kulelea tembo mayatima, Pinnawala inashinda bila ubishi kwa urahisi wa kufika, kwani iko karibu na Kegalle, si mbali na barabara ya kutoka Colombo kwenda Kandy, ilhali Udawalawe iko kusini na humlazimu mgeni kupanga safari mahususi. Hata hivyo, Pinnawala hutoza wageni wa nje kiingilio kikubwa mara kadhaa kuliko cha wenyeji.

Anayetaka kuwaona tembo kwa karibu ataridhika Pinnawala, ambako kundi zima hukatiza mtaa wenye maduka pande zote mbili likienda kuoga katika mto Maha Oya. Kituo cha Udawalawe hakiruhusu ukaribu huo: mgeni hukaa jukwaani wakati wa maziwa, akiwatazama ndama wakija mbio kunyonya kwa mpira uliounganishwa na faneli, kisha wakirudi vichakani.

Tofauti kubwa zaidi, na kwangu ndiyo ya kupimwa kwanza, ni hatima ya mnyama. Pinnawala, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya mayatima, imekuwa makazi ya kudumu ambako tembo huzaana, na minyororo bado inatumika. Udawalawe, tangu mwaka 1995, huwalea ndama ili wakikua warudishwe porini, kama wafanyavyo walezi wa tembo mayatima wa Nairobi, ambao huwapeleka ndama wao Tsavo.

Mwenye watoto wadogo na siku moja tu njiani kwenda Kandy anaweza kuchagua Pinnawala. Anayeelekea kusini, na ambaye minyororo itamkosesha raha, aende Udawalawe.