Monoreli ya Moscow: Kilomita 4.7 Zilizofungwa

Kwa aliyezoea stesheni ya Tabora, ambako treni inakatwa, mabehewa mengine yaende Kigoma na mengine Mwanza, kasoro kubwa ya monoreli ya Moscow, yaani treni iliyopita juu ya boriti moja iliyoinuliwa kwenye nguzo, inaonekana mapema: haikwenda mbali. Kilomita 4.7, vituo 6, kutoka Timiryazevskaya hadi Ulitsa Sergeya Eisensteina, basi.

Ilifunguliwa Novemba 2004 kwa ajili ya matembezi, ikawa usafiri wa kawaida 2008, ikarudishwa kwenye matembezi 2017, treni ikipita kila nusu saa. Anayewahi kazini hakuweza kuingoja. Juni 2025 ikafungwa.

Ufundi wake unastahili sifa. Theluji hufanya gurudumu liteleze, kwa hiyo walitumia mota isiyozungusha gurudumu: nguvu ya sumaku inasukumana na bamba la metali lililolazwa juu ya boriti. Gharama yake ni umeme, maana mwanya kati ya mota na bamba hupoteza nguvu nyingi kuliko mota ya kawaida.

Tatizo jingine ni njia zinapogawana. Kwenye reli yetu yenye upana wa mita moja, ndimi mbili nyembamba za chuma zinasogea kidogo tu na treni inabadili njia. Kwenye monoreli lazima isogezwe boriti nzima, tena juu ya nguzo. Vipuri navyo vya treni za Intamin, kampuni ya Uswisi, huwezi kuazima kwenye metro ya jirani.

Mandhari kutoka juu: nzuri sana. Kama usafiri wa mji: nyota 2 kati ya 5.