Kadi za kupimia oili ya gia: nimeshatumia sita

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akatikisa kichwa. "Imeungua hii. Giaboksi ishushwe." Oili kweli ilikuwa ya kahawia, na mimi nilichokuwa nakijua ni kimoja tu, kwamba oili ya gia za otomatiki huwa nyekundu. Nikamwomba anipe siku mbili. Ndipo nikanunua pakiti ya kadi kumi za kupimia, zile unazodondosha tone moja kwenye duara jeupe, ukasubiri linywewe, kisha ukalinganisha doa na picha zilizochapwa pembeni.

Kadi ya kwanza niliiharibu, na lawama nusu nawapa watengenezaji. Maelekezo yao hayagusii joto la oili hata kwa neno moja. Nilipima asubuhi, gari limelala usiku kucha, tone likakaa pale limejikunyata. Kumbe kitabu cha gari langu kinataka injini ipate moto kwanza, gari lisimame mahali tambarare, upitishe kila gia taratibu, urudi P (ya kuegesha), ndipo upime injini ikiwa inaunguruma. Msiniige mimi lakini. Honda nyingi hupimwa injini ikishazimwa. Fungueni vitabu vyenu.

Jioni nikarudia. Doa lilienea pana, jekundu lililofifia kuelekea kahawia, katikati hakuna weusi, ukingoni hakuna mstari mkali. Oili iliyochoka haifanyi hivyo: uchafu hubaki umerundikana katikati kama masizi, na oili peke yake ndiyo hutambaa kwenda nje. Nikainusa pia. Haikuwa na ile harufu kali ya kitu kilichoungua. Ule wekundu, nilikuja kuelewa, ni rangi inayotiwa kiwandani ili mtu asiichanganye na oili ya injini, na joto huififisha mapema, wakati oili yenyewe bado inafanya kazi. Fundi wangu alikuwa amesoma rangi tu.

Giaboksi haikushushwa. Nilimwaga oili kwenye gereji nyingine na kujaza mpya, nikijua kwamba kumwaga kwa kawaida hakutoi yote, nyingi hubaki ndani ya tokikonvata, kile kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili. Nimeshatembea kilomita 9,000 tangu hapo na gia zinaingia laini.

Kadi zilinishawishi zaidi kwenye gari la shemeji. Yeye alikuwa analalamika kwamba akikanyaga mafuta injini inapiga kelele, gari lenyewe haliendi. Doa lake lilikuwa na kitovu cheusi tii na pete nyeusi kukizunguka, na kadi ilinuka hata baada ya kukauka. Sampo, ile trei ya oili chini ya giaboksi, iliposhushwa, sumaku zilizomo zilikuwa na vipande vya chuma vya kushikika kwa vidole. Ute wa kijivu laini kwenye sumaku ni wa kawaida, hutokana na kusagika kwa siku zote. Vipande ni habari nyingine. Shemeji hajanisamehe kwa kumletea ile kadi, kana kwamba mimi ndiye niliyekwangua klachi zake.

Sasa upungufu. Picha za kulinganishia zote ni za oili nyekundu. Jirani yangu ana gari la CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, lenye oili ya kijani, na kadi haikumwambia lolote la maana. Magari mengi ya siku hizi hayana kijiti kabisa. Lazima gari linyanyuliwe na nati ya chini ifunguliwe oili ikiwa kwenye joto maalumu, na hapo mtu wa nyumbani hana lake. Maji yakiingia kutoka kwenye rejeta, oili hugeuka kama maziwa yenye rangi ya waridi, na hilo utaliona kwenye kijiti bila kununua chochote.

Kingine: nilijaribu tone lile lile kwenye karatasi nyeupe ya jikoni, ile nene isiyo na maua. Doa lilitoka karibu sawa na la kadi. Tofauti ni kwamba kadi ina picha za kulinganisha na inahifadhika. Nimeandika kilomita nyuma ya kila moja na kuziweka kwenye droo ya gari. Nazipa nyota tatu kati ya tano. Zimebaki nne, na moja nimeshaiahidi kwa yule fundi wa kwanza.